Kamba ya Taqi

Hakima aliona utando mweupe juu ya chai ya chumvi, akadhani ni siagi imeganda. Alipougusa kwa kijiko, ukavunjika. Ulikuwa barafu, na chini ya birika kuni zinawaka, na juu ya paa aprikoti zinakauka kwa jua la kiangazi.

Mumewe Fida alitazama, akauvuta mkeka wake mbali na mlango. Yeye na Taqi, mdogo wake Hakima, walikuwa wapagazi wa wageni wanaopanda vilele. Safari hii Fida alishuka peke yake, akasema Taqi katumbukia kwenye ufa wa barafu, kafa papo hapo. Hakima alilia, akaamini.

Jioni hiyo harufu ya sufu iliyolowa iliingia ndani, kisha sauti ikaita kutoka nje.

"Fida. Kaka Fida."

"Usiitikie," Fida alinong'ona. "Jini huyo. Kaniandama toka kule juu."

Kila mtoto wa bonde la Hushe analijua hilo: jina lako likiitwa barafuni na mwitaji humwoni, funga mdomo, tembea.

Kesho yake akaletwa akhundi, shehe wa kijiji. Alisoma dua, akanyunyiza maji, akafukiza matawi ya mreteni, na bado jua lilipozama sauti ilikuja, ikapita zizini ambako mbuzi walinyamaza wote kwa pamoja, ikasimama nyuma ya mlango ikipumua kwa taabu kama mtu aliyebanwa kifua, na harufu ile ya sufu ikawakaba koo wote watatu, mpaka ikasema, taratibu, bila hasira yoyote, "Kaka Fida, shusha kamba. Ni mguu tu umevunjika."

Akhundi akafunga kitabu. "Jini ataka kamba ya nini?"

"Theluji ilifunika kila kitu, akhundi, sikumwona," Fida alisema. "Si nyie mliotufundisha tusiitikie?"

"Na kule alisema hivyo hivyo?" Hakima aliuliza. "Habari ya kamba?"

"Alisema."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kulipokucha."

"Kamba ilikuwa wapi?"

Fida aliinamisha kichwa. "Begani kwangu."

Hakima alimchukia pale pale, chuki kavu isiyo na machozi.

"Mfukuze, akhundi," Fida aliomba. "Nakusihi."

Kabla akhundi hajafungua kitabu, Hakima aliinuka, akaondoa komeo. "Nipo, mdogo wangu. Ingia, kuna moto."

Hakuna aliyeonekana kuingia. Ila mkeka wa karibu na moto ulianza kulowa taratibu, pale pa kukaa mtu mmoja.

Siku hizi Fida analala zizini na mbuzi. Kila jioni Hakima anamimina vikombe viwili vya chai, anatoka kizingitini, anamwita mumewe kwa jina aje ale. Fida anasikia, na hathubutu kuitika. Hakima haiti mara ya pili. Anarudi ndani, anakula na mdogo wake.