Kompyuta Iliyolipuka Jumatatu

Ililipuka Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro robo, katika ofisi ya mishahara ya kampuni moja ya kusafirisha shaba, katikati ya Lubumbashi. Kapya, mwanamke aliyefundishwa kuitumia, alibonyeza kitufe, ukatoka mlio mkavu, kisha moshi. Karani mzee Ngosa ndiye aliyechomoa waya. Midomo yake ilikuwa ya zambarau kama kawaida, kwa ile penseli ya wino aliyoilamba kila mara kabla ya kuandika.

Mwaka ule wa 1988 kompyuta ilikuwa hiyo moja tu jengo zima, na Ijumaa fundi Mumba alikuwa ameibadilishia vipande vya ndani, pamoja na kisanduku cha umeme. Chai haijapoa, watu wa usalama wakampakia Mumba garini. Hujuma, walisema. Jioni angepandishwa ndege ya Kinshasa, na waliopandishwa kwa neno lile hawakurudi.

Inspekta Kalenga wa polisi alipewa faili hadi saa kumi. Langoni mwa ofisi ya usalama alimpita Delphine, mke wa Mumba, amekaa juu ya tofali na sufuria ya bukari, ule ugali wa kule, mapajani, akisubiri ruhusa ya kumpelekea mumewe chakula. Kalenga aliona haya, akatazama kando.

Katika ofisi ya mishahara aliivuta mashine kutoka ukutani. Nyuma, ndani ya tundu lisilopitisha kidole, palikuwa na kitufe chekundu cha kuchagulia umeme. Kilikuwa kimeelekezwa volti 110, na umeme wa mji ni 220. Kalenga aliwahi kuunguza redio ya shemeji yake kwa kosa hilohilo, basi hakuhitaji mwalimu. Ukingoni mwa tundu palikuwa na doa dogo la zambarau.

Wa kwanza kubanwa alikuwa Kapya, kwa kuwa ufunguo wa ofisi ulikuwa wake. Aliapa huku analia kwamba Ijumaa mashine ilifanya kazi vizuri hadi jioni. Kumbe kitufe kilisukumwa baadaye. Jumamosi ilikuwa salongo, akasema, ile kazi ya lazima ya usafi. Kila mtu alikuwa akiingia na kutoka na meza, mlango wazi. Kalenga akamwacha. Kucha za Kapya zilikuwa safi, na wino aliutumia ule wa taipureta, mweusi.

Akamwita Ngosa, akamwomba aandike jina lake. Mzee akatoa penseli, akailamba, akaandika. Kalenga akamgeuzia mashine.

"Papa Ngosa, hata penseli ya kusukumia kitufe uliilamba kwanza."

Ngosa akajifuta midomo kwa kiganja. Mazoea yana taabu.

"Nyumba ya camp iko ya kampuni, monsieur l'inspecteur," akasema. "Machine ikikamata kazi yangu, batoto banalala wapi? Nilizani batasema tu pièce, kile kipande kipya, iko mubaya, turudie ku kalamu. Sikutaka bamukamate Mumba. Ule mutoto iko na heshima. Ni yeye alinionyesha kile kitufe Ijumaa, akasema, papa, hapa usiguse, itaungua."

Kalenga aliandika yote, neno kwa neno, maana ndivyo alivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ukawa mwepesi. Saa tisa na nusu alimfikisha mzee na maelezo yake kwa watu wa usalama.

Ofisa aliyapokea, akasoma bila haraka. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Kumbe ni Mumba njo alimufundisha," akasema. "Tulikuwa na muntu moja, citoyen inspecteur. Sasa tuko na réseau, mutandao muzima. Aksanti."

Kalenga alibisha hadi sauti ikamkauka. Alieleza kwamba fundi alikuwa akionya, hakuwa akifundisha. Ofisa alikuwa amekwisha kuagiza kiti cha pili kwenye ndege.

Alipotoka, Delphine alikuwa palepale. Akainuka.

"Balisema je, papa?"

"Nilimupata ule alifanya, mama."

"Basi Mumba anarudia ku nyumba." Akaanza kufungua kitambaa cha sufuria, apashe bukari moto kidogo kwa nyumba ya jirani, mumewe asikute chakula baridi.

Ukweli aliutafuta Kalenga mwenyewe, akauandika kwa mwandiko mzuri, na kwa huo Mumba alikuwa ameangamia. Akamshika mama yule mkono, akamrudisha kwenye tofali, naye akakaa chini kando yake.