Nyuzi Zilizooshwa Mara Mbili

Jumamosi ile soko la Birere, mjini Goma, lilikuwa limefurika. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilipita na magunia ya makaa, wanawake walibeba mabeseni ya dagaa wa sambaza, na wenye pikipiki walipiga honi bila kumwangalia mtu. Igihozo alipenya katikati yao akiwa na kitenge cha kijani na sweta nyeusi ya mikono mirefu, ingawa jua lilishawaka. Alisimama kwenye kibanda cha wauza vitu vya kupikia sabuni.

“Kilo mbili za soude,” alisema.

Muuzaji aliinua macho. Alikuwa kijana mrefu, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri kuliko kazi ile ilivyohitaji.

“Uko napika sabuni, mama?”

“Ndiyo.”

“Ya kuoga ao ya nguo?”

Igihozo alisita. “Zote.”

“Zote,” kijana alirudia, akipima soude, unga ule mweupe unaounguza ngozi. “Miye Achille. Natoka Butembo, na sabuni naijua. Mutu wa sabuni hasiti hivi. Siku moja uniletee kipande chako.”

“Ukikipata utafanya nini?”

“Nitaoga nacho, nitajua kama unasema kweli.”

Igihozo alimwachia namba ya simu, ili amwambie mzigo mpya ukifika, akaondoka. Hakucheka mpaka alipofika barabarani.

Sabuni hakuwa nayo hata kipande. Nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Ndosho, alitengeneza mifuniko ya zege ya matanki ya maji ya mvua, myembamba, isiyo na vyuma. Mahali pa vyuma alitia nyuzi alizokata kwenye chupa za plastiki. Uzi wa chupa ni laini na unang’aa. Ukiutia hivyo hivyo, saruji haiushiki, na mfuniko ukipasuka uzi unachomoka safi. Marehemu baba yake, fundi Havugimana, ndiye aliyegundua kwamba ukiuloweka katika maji ya moto yenye soude, ngozi yake inachubuka, mng’ao unakufa, na saruji inapata pa kushika. Kipimo cha soude na saa za kuloweka alimwambia binti yake peke yake, katika wiki yake ya mwisho hospitalini.

Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba yake, Bashige, alikuwa ameondoka na kalibu zao mbili za kumiminia zege. Tangu hapo alituma watu kuulizauliza siri ya nyuzi. Igihozo alikuwa amejifunza kuwatambua: walikuwa wacheshi sana.

Na Achille alikuwa mcheshi sana.

Jioni ya pili alipiga simu.

“Mama Sabuni, mikono inaendelea aje? Niliona imeungua.”

“Uliiangalia sana.”

“Niliiangalia kwa sababu ulikuwa unaificha.”

“Soude mupya imefika?”

“Bado. Nimepiga kukuambia bado haijafika.”

Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa, kutoa habari ile ile. Mwezi wa pili tangu wajuane walikula samaki karibu na ziwa, Igihozo akiwa amevaa gauni la manjano aliloliazima kwa binamu yake. Mwezi wa nne Achille alikuwa akimwita chérie, yaani mpenzi, mbele ya watu, na Igihozo alikuwa ameacha kukataa. Lakini hakuna siku aliyomruhusu kupita geti lao.

Aliyemruhusu ni mama yake, Donatille. Jumapili moja Igihozo akiwa misani, Achille alileta gunia la viazi, na mama akaona aibu kumwacha mgeni wa namna ile nje. Igihozo aliporudi alikuta nyuzi zilizokuwa kwenye pipa zimeshasuuzwa na kuanikwa juu ya turubai. Akadhani ni mama. Akachanganya saruji, akamimina.

Mifuniko ilikuwa ya shule moja ya Kanyaruchinya, ishirini. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu baba afariki. Baba alikuwa na desturi: juu ya mfuniko wa kwanza anasimama aliyeutengeneza, mbele ya mnunuzi. Basi mifuniko ilipokauka, mkuu wa shule akiangalia, Igihozo aliulaza wa kwanza juu ya matofali, akavua viatu, akapanda.

Mfuniko ulikatika katikati. Alianguka kati ya matofali, goti likachubuka. Mkuu wa shule alifunga kalamu yake akairudisha mkobani. Baadaye, kwa kuombwa sana, akatoa wiki tano za kutengeneza mingine.

Igihozo alivuta uzi mmoja kwenye ufa. Ukachomoka safi.

“Mama, ile Jumapili ni wewe ulisuuza nyuzi?”

“Hapana, si ni Achille wako. Alikataa hata kukaa.”

Alhamisi iliyotangulia, Igihozo alikuwa amemwona Achille akitoka getini kwa Bashige. Alikuwa amejilazimisha kusahau. Sasa alichukua simu.

“Ulifuata nini kwa Bashige?”

“Bonjour na wewe, chérie. Muke wake ananunua soude kwangu.”

“Anapika sabuni.”

“Ndiyo.”

“Kila mutu wa Goma anapika sabuni.”

“Hata wewe uliniambia hivyo.”

“Ulifanya nini na nyuzi zangu?”

“Niliziosha. Nilizishika nikasikia zinateleza na soude, nikasema, kumbe ndiyo hii inamuchoma mikono. Nikazipiga na sabuni yangu, ile nzuri kabisa, mpaka povu likajaa pipa. Nilitaka ukute kazi imeisha.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekuambia aje? Hujawahi kuniambia kama uko na nyuzi.”

Alikata simu.

Maneno ya Achille yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Hivyo akayapima kama baba yake alivyopima kila kitu. Aliloweka nyuzi mpya, akazigawa. Nusu alizisuuza kwa maji matupu, mara nyingi, mpaka zikaacha kuteleza. Nusu aliziosha kwa sabuni ya Achille, kipande alichokiacha kando ya pipa. Akamimina vipande viwili vidogo vya zege, akangoja siku saba. Katika siku hizo Achille aliandika mara moja tu: “Soude imefika.” Hakumjibu.

Siku ya saba alivivunja kwa nyundo. Cha kwanza kilipasuka kwa shida, na hata kilipopasuka nyuzi ziliendelea kushika pande zote mbili, zimegandwa na saruji. Cha pili kilivunjika upesi. Ndani kilikuwa na vitundu kama mkate, kazi ya povu, na nyuzi zikatoka safi.

“Basi umeona,” alisema Donatille.

“Nimeona alichofanya, mama. Sijaona kwa nini.”

“Hiyo hakuna saruji itakuonyesha, mwanangu.”

Alivaa kitenge kile cha kijani, mikono wazi mara hii, makovu yakionekana, akaenda Birere. Achille alikuwa akimpimia mteja. Alimaliza, akafuta kiti kwa kiganja.

“Umekuja kununua ao kunihukumu?”

“Sabuni yako ndiyo iliharibu mifuniko. Nimejaribu, nimeona.”

Achille aliangalia chini. “Niliharibu kazi ya baba yako, ile mama yako alinisimulia.”

“Ndiyo. Iko wiki nne tu za kutengeneza mingine, na mikono yangu miwili haitoshi. Njoo Jumatatu, nitakuonyesha namna ya kusuuza.” Akavuta pumzi. “Na sasa sikiliza. Kwa lita kumi za maji—”

Achille aliinua mkono. “Usiniambie. Siku Bashige akijua, utaniangalia miye.”

“Nitakuangalia,” alisema Igihozo. “Halafu nitakuuliza, na nitangoja umalize kujibu.”

Achille alifunga mdomo wa gunia la soude.

“Na wajomba zangu wakikuja kwa mama yako mwezi ujao, kukuposa?”

“Hao pia nitawaangalia.”

Achille alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Kibanda cha jirani kilikuwa na watu. Igihozo aligeuka akawatazama mmoja mmoja, kisha akainama juu ya mizani, akasogeza mdomo karibu na sikio la Achille, akamwambia kipimo, halafu saa za kuloweka.