Sekunde Tatu Mbele ya Pimamoyo

Pimamoyo haikuwa na maswali. Ilikuwa kiti cha chuma chenye mikanda miwili ya kusoma mapigo ya moyo, na mbele yake taa zilizochora vivuli-hai, yaani watu wa mwanga wanaotembea na kusema kama mimi na wewe. Kila aliyeomba kazi ya polisi katika jiji la Makutano alikalishwa pale. Kivuli kikitokea, alikuwa na sekunde tatu za kutoa amri. Akichelewa, amekosa, na hakuna cha kubembeleza.

Ukutani kulikuwa na kitufe cha kupinga hukumu ya mashine. Msimamizi akikibonyeza, mwombaji anaajiriwa, ila msimamizi mwenyewe lazima akae kitini papo hapo. Naye akikosa, anavua sare. Kitufe kilikuwa kimejaa vumbi.

Nyamizi alikwishakosa mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho kisheria, na tangu utotoni hakuwahi kutaka kazi nyingine.

"Umekaa vizuri, binti?" aliuliza Inspekta Mbwilo, msimamizi wa usaili.

"Nimekaa, afande."

Taa zikawaka. Akatokea mzee mwenye shati lililochakaa, panga mkononi, anakuja moja kwa moja. Jibu Nyamizi alilijua, alilikariri wiki nzima: Tupa silaha, lala chini! Lakini alilelewa na bibi yake, na katika nyumba ile humwambii mtu mzima neno lolote kabla hujamwamkia.

"Shikamoo, babu."

Akajiuma ulimi. Basi, kazi imekwenda na maji.

Mzee akasimama. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemwamkia, wala hakuna aliyejua kwamba fundi aliyemuunda alimwekea jibu.

"Marahaba, mjukuu wangu," kivuli kilisema, kikainama na kuweka panga chini. "Hujambo?"

Sekunde saba. Pimamoyo ikatamka kwa sauti kavu: "Hafai."

"Samahani, afande," Nyamizi alisema, machozi yakimlengalenga. Akaanza kufungua mikanda.

Mbwilo alikuwa akilitazama lile panga la mwanga sakafuni, uso umemsawijika.

"Mimi nilifaulu kwa sekunde moja na nusu," alisema hatimaye. "Wakanipigia makofi. Wiki ya pili kazini nikakutana na mzee ana panga, anatoka shambani. Nikamwamuru alale. Hakulala. Nikafyatua risasi. Alikuwa kiziwi, binti. Ningemwamkia na kungoja aitikie, ningejua kwamba hanisikii."

"Pole, afande."

"Usinipe pole mimi."

Akaenda ukutani, akafuta vumbi kwa kidole, akabonyeza. Kisha akaketi kitini na kujifunga mikanda mwenyewe. Moyo ulimwenda mbio hadi namba za mapigo kwenye mikanda zikageuka nyekundu. Aliogopa, na hakujaribu kuficha.

Mzee akatokea tena, panga mkononi.

"Toa amri, afande!" Nyamizi alimsihi. "Sekunde zinakwisha! Watakuvua sare!"

Mbwilo akavua kofia, akaipakata magotini.

"Shikamoo, baba," alisema, akangoja.