Chiriku na Ua wa Bibi

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kufagia uwanja, Chiriku alivaa viatu vyake vya mpira na kuteremka hadi njia ya msituni iliyopita chini ya nyumba yao. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Bibi yake ndiye aliyempachika jina hilo, kwa sababu msichana huyo alianza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri, na usiku ni usingizi tu uliomkata kauli.

Huko kwenye njia, watu wa mtaa walijitolea kung'oa kichaka kigeni kilichokuwa kikiisonga mimea ya asili. Maua yake yalipendeza, manjano na waridi katika kishada kimoja, lakini palipoota kichaka hicho hapakuota kingine. Kiongozi wao aliitwa Mama Miche. Alikuwa na kitalu nyumbani kwake, na miche yote ya asili waliyopanda aliiotesha yeye mwenyewe. Aling'oa visiki vilivyowashinda vijana, na aliyekosea alielekezwa bila kukaripiwa. Chiriku alimpenda sana, akatamani siku moja awe kama yeye.

"Mama Miche, mbona huku mwisho tunang'oa vichaka na vinarudi vilevile?" Chiriku aliuliza siku moja. "Miche niliyopanda mimi imeshafunikwa tena."

Mama Miche akachuma tunda dogo jeusi kwenye kichaka. "Ndege hula haya, kisha hudondosha mbegu popote. Mama wa vichaka hivi yuko karibu. Tusipompata, tutang'oa mpaka tuote mvi." Akawageukia wenzake. "Kuna anayejua kilipo kichaka kikubwa jirani na hapa?"

Chiriku akainua macho. Juu ya mteremko lilionekana paa la nyumba yao, na kuizunguka nyumba ulionekana ua wa Bibi, wote manjano na waridi, ndege wakiingia na kutoka. Akatazama viatu vyake. Akainama, akaendelea kung'oa.

Angesemaje? Ua ule ulikuwa na kisa chake. Bibi alipokuwa bi harusi, alimwomba Babu amletee ua. Alitaka ua la kunusa, lakini Babu alisikia ua wa kuzungushia nyumba. Alipogundua kosa lake, alizungusha ua wa vichaka vyenye maua, ili asikosee upande wowote. Babu alikwisha kufariki, na Bibi bado alicheka kila alipokisimulia kisa hicho.

Mchana, Chiriku alikula kimya. Bibi akaweka kijiko chini.

"Chiriku amenyamaza. Ama anaumwa, ama kuna jambo."

"Hakuna kitu, Bibi."

"Mimi nimekulea. Sema."

Machozi yakamtoka. Akaeleza yote, miche iliyofunikwa, ndege na swali la Mama Miche. "Naogopa watakuja kuukata ua wa Babu," alimaliza.

Bibi aliinuka. Alitoka nje, akasimama muda mrefu mbele ya ua wake akishikashika majani. Sehemu iliyobaki ya siku hiyo hakuna aliyemsikia akicheka, na Chiriku alijuta kufungua mdomo.

Jumamosi iliyofuata, Bibi aliteremka naye, panga mkononi.

"Mama Miche," alisema, "nasikia unamtafuta mama wa vichaka. Ni mimi hapa."

Watu wakaangua kicheko, Bibi akacheka nao. Kisha wakapanda wote mpaka nyumbani. Bibi ndiye aliyekata shina la kwanza, na machozi yalimtoka bila yeye kuyaficha. Chiriku hakuwahi kuona mtu jasiri kiasi kile.

Visiki vilipokwisha kung'olewa, Mama Miche alileta miche ya asili, akaipanga kuizunguka nyumba.

"Hii inatoa maua?" Bibi aliuliza.

"Inatoa, Bibi. Meupe, na yananukia."

"Basi nipandieni. Mzee wangu nilimwomba ua lenye harufu, na lile la kwanza lilikuwa linanuka tu."

Jioni, walipokuwa wakimwagilia, Bibi alimvuta mjukuu wake karibu. "Ulinyamaza kwa kunipenda, najua. Lakini ungeendelea kunyamaza, ningeendelea kuharibu kazi yenu kila siku, nami nikijiona mwema. Unayempenda usimfiche kosa lake. Mwambie kwa adabu, umpe nafasi ya kulirekebisha."

"Nimeelewa, Bibi."

"Haya, sasa ongea. Wiki nzima nyumba imepooza."

Chiriku akaanza kueleza jina la kila mche, na walipoingia ndani bado alikuwa akiongea.