Vijiko Vinne vya Chumvi

Ramadhani ile ya mwaka 2003, Nahla alishuka kwenye basi la shule kila siku saa kumi kasoro, akavuka maegesho ya fleti zao za mjini Euless, karibu na uwanja wa ndege, huku ndege zikinguruma juu ya mapaa, akaswali Alasiri, kisha akamsaidia mama yake kuandaa futari. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alifunga bila kutegea. Lakini Ijumaa moja alishuka amefura kwa hasira.

Mwalimu Charlotte alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya wawili wawili: kusimulia maisha ya mtu aliyeibadilisha nchi yake. Nahla alipangwa na Jannat, jirani yake wa mlango wa pili. Wiki mbili nzima Nahla alishinda maktaba. Jannat alikuja mara moja tu, akachora bendera ya Finland, akaenda zake.

Nahla alikuwa amempata Daktari Kaarina Vuorela. Mama huyo alitibu wagonjwa wa moyo vijijini Finland kwa miaka kumi na tisa. Aliwaandikia dawa, nao wakirudi nyumbani wanakula mkate na soseji zilizojaa chumvi, kisha wanaletwa tena kwake wakiwa hoi. Akachoka kwenda mazikoni. Aligombea ubunge, akawa Waziri wa Afya, akawalazimisha wenye viwanda waandike kiasi cha chumvi kwenye kila pakiti. Walimtukana magazetini. Yeye akawaita mezani, akawasomea majina ya wagonjwa wake waliokufa.

Jumatano Nahla aliumwa homa. Siku hiyohiyo Jannat akasimama peke yake darasani, akasoma kila neno la Nahla, akachaguliwa kwenda kwenye mashindano Fort Worth. Juu ya jalada kulikuwa na jina moja tu.

"Langu liko wapi?" Nahla aliuliza aliporudi shuleni Ijumaa.

"Hukuwepo, shoga. Ningefanyaje?" Jannat alijibu, akacheka.

Loh! Kicheko kile ndicho kilichomchoma Nahla. "Utanitambua," alisema moyoni.

Kila Ijumaa familia zao mbili zilifuturu pamoja, na siku hiyo Jannat alikuwa anapika mbaazi za nazi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Bibi yake, Bibi Mwanakhamis, alikuwa mkali: mpishi aliyefunga haonji, hata kwa ncha ya ulimi. Nahla, aliyekuwa amekwenda kwa kina Jannat kusaidia, aliijua vizuri sheria hiyo. Jannat alipotoka jikoni kwenda kutawadha, Nahla akachota chumvi, vijiko vinne vikubwa, akakoroga, akafunika sufuria.

Wakati wa Magharibi ulipotimia, wakala tende, wakapakua. Mama yake Nahla alionja akakohoa. Jannat alionja, uso ukamshuka, machozi yakamtoka. Nahla aliinama kuficha tabasamu. Raha iliyoje!

"Usilie, mjukuu wangu," alisema Bibi Mwanakhamis. "Mimi nitakula. Anayeanza kupika havunjwi moyo." Akavuta sahani. Akala tonge baada ya tonge mpaka akaikwangua.

Hapo ndipo Nahla alipokumbuka. Bibi alikuwa na ugonjwa wa presha. Nahla mwenyewe alikuwa ameandika kurasa nne kuhusu watu kama yeye, lakini jikoni alimfikiria Jannat tu.

Asubuhi miguu ya Bibi ilikuwa imevimba na pumzi zinampaa. Mama yake Nahla akawapakia wote garini mpaka zahanati. Muuguzi Kanana, Mkenya, akampima presha, akakunja uso.

"Bibi, jana ulikula nini?"

"Chakula cha kawaida, mwanangu."

Jannat aliinamisha kichwa. Muuguzi akaandika. "Basi dawa hizi hazitoshi. Nitamwambia daktari aongeze dozi."

Nahla alijua maana yake: Bibi angepewa dawa kali kwa kosa lisilo la dawa. Lakini akisema, mama yake atasikia, na Jannat atashinda tena. Alimtazama Bibi akihema.

"Usiongeze!" alipiga kelele. "Ni chumvi. Mimi ndiye niliyeitia. Vijiko vinne."

Jannat akaruka. "Wewe! Ulitaka kumuua bibi yangu?"

"Nilitaka kukukomesha wewe! Uliniibia kazi yangu, ukanicheka!"

Bibi akageuza kichwa polepole. "Jannat, ni kweli?" Jannat akalia, akakubali.

Daktari hakuongeza dozi. Alimpa Bibi dawa ya kupunguza maji mwilini, akamkataza kufunga mpaka apone. Garini mama yake Nahla alimkemea njia nzima. Jumatatu wasichana walikwenda wote kwa Mwalimu Charlotte, wakasema yote. Jannat akaondolewa kwenye mashindano, na jina la Nahla likaandikwa mahali pake. Nahla alikwenda kumweleza Bibi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Jannat naye nimemsema vya kutosha." Bibi alimshika kidevu. "Hasira yako haikuwa na kosa, maana ulidhulumiwa. Ijumaa ileile ungekwenda kwa mwalimu, ungepata hiki ulichokipata leo, nami ningekuwa nimefunga na wenzangu. Ukidhulumiwa, dai mbele za watu, kwa sauti. Usidai kwa kujificha. Haki ilikuwa yako, Nahla, ukaimwaga kwenye sufuria."