Nukta za Katikati

Jua lilikuwa linazama nilipofika Makuyuni kuchukua deki mbovu ya CD.

Deki yenyewe sikuwa na kazi nayo. Nilitaka chipu moja iliyomo ndani yake, ndogo kama ukucha, ya aina ambayo siku hizi hata Dar huipati. Mwenye deki alikuwa Mama Serafina, mjane wa mwalimu wa kwaya aliyeshuka huku kutoka Lushoto miaka mingi iliyopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Unakwenda kusikilizia nini?"

"Sauti ya mdogo wangu."

"Yupo?"

"Hayupo."

Alinikabidhi deki, lakini mkono wake haukuiachia. Tulikuwa wawili tu pale barazani, hata hivyo akanong'ona.

"Msikilize mara moja tu, baba. Mimi mzee wangu nilimsikiliza kila siku kwenye deki hii. Mwisho nikawa namsikia akisema ambayo hakuyasema."

Nilimshukuru, nikawasha pikipiki. Ushauri wake niliuacha palepale barazani.

Mimi ni Zaidi, natengeneza redio na sabufa pale Korogwe mjini. Mdogo wangu Hafsa aliolewa Kwedizinga na mtu anaitwa Mustafa, mwenye mashamba makubwa ya ufuta. Hafsa alikufa Alhamisi asubuhi. Mpaka adhuhuri alikuwa ameshafukiwa. Mimi, kaka yake wa pekee, siku hiyo nilikuwa Hale nafunga spika, simu iko mfukoni na ina chaji. Hakunipigia mtu. Najua maiti haicheleweshwi. Lakini kutoka Hale hadi Kwedizinga ni saa moja na nusu kwa pikipiki! Walishindwa kunisubiri saa moja na nusu?

Nilipofika, Mustafa alinishika bega.

"Mambo ya Mungu haya, shemeji. Homa tu."

Lile neno *shemeji*... mpaka leo nikilikumbuka nasaga meno.

Nilichobaki nacho ni ujumbe wa sauti kwenye simu. Hafsa aliutuma Jumanne, siku mbili kabla ya kufa. Sekunde arobaini na moja. Unasikia "Kaka..." halafu mvumo mtupu, kama mvua kwenye bati. Niliupiga kwenye kila spika iliyopita mikononi mwangu. Mvumo. Ndipo nikaamua kujenga kigeuzi changu mwenyewe.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilishtuka. Sauti iliyomo kwenye simu si sauti, ni namba. Kila namba ni nukta. Kigeuzi ndicho kinachozisoma zile nukta na kuzirudisha kuwa sauti. Sasa zile chipu za deki za zamani zina kazi moja ya ziada: zikiona nukta mbili, zinapiga hesabu na kujaza nukta nyingine saba katikati, ili sauti isikwaruze. Basi. Chipu haina akili. Haiwezi kutunga neno.

Kwa miezi minane baada ya mazishi, kila nikifunga duka, nilikuwa nachomelea. Moshi wa risasi ya kuchomelea uliniunguza macho. Mke wangu Munira alinishikia tochi. Kila waya niliouunga niliuunga kwa hasira.

Nilikimaliza Jumamosi. Adhana ya magharibi ilikuwa imetoka kuisha. Nikaunga simu, nikafunga mlango, Munira akakaa pembeni yangu. Nikabonyeza.

Mvumo haukuwepo.

Kulikuwa na kimya kizito, halafu...

Dup.

Dup. Dup.

"Ni nini hicho?" Munira alinong'ona.

Nilikijua. Mtu yeyote aliyekulia mashambani Handeni, kama sisi, anakijua. Ni jembe linaingia kwenye udongo. Halafu la pili. Halafu mengi. Na katikati ya majembe, mtu anahema. Pumzi za mtu aliyechoka mpaka basi.

"Kaka..."

Ni yeye. Ni Hafsa.

"Kaka... wanasema nikimaliza hili, kuna jingine..."

Dup. Dup.

Nilitazama simu. Zile sekunde arobaini na moja zilikuwa zimeisha zamani. Nikadhani mtambo umenasa redio. Nikakunja waya, nikafunika kwa sufuria, nikachomoa simu kabisa.

Dup. Dup. Dup.

"Zaidi..." Munira alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Umeshachomoa."

"Najua."

Chumba kizima kilinuka udongo mbichi uliotoka kupinduliwa. Mwezi huo mvua ilikuwa haijanyesha hata tone.

Nikang'oa betri. Ndipo kikanyamaza.

"Hakufa," Munira alisema. "Wamemfanya msukule. Analimishwa."

Mnadhani niliogopa? Sikuogopa. Hasira ndiyo iliyonishika. Mashamba yale ya ufuta, kila mwaka yanaongezeka, na kibarua wa kulima huoni! Nilichukua panga nyuma ya mlango. Munira akasimama mlangoni, akalishika kwenye makali kabisa.

"Ukienda na hili, watazungumza habari zako, si za Hafsa. Nenda na redio yako."

Damu ilimtoka kwenye kiganja. Nikaachia.

Siku ya pili alasiri niliingia Kwedizinga na kigeuzi, betri ya pikipiki na spika moja. Uani kwa Mustafa watu kama kumi na tano walikuwa wanapiga ufuta. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Semboja, naye alikuwepo. Nikamwamkia yeye peke yake.

"Mzee, naomba dakika moja. Watu wasikie."

Mustafa alitoka ndani akitabasamu. "Karibu, shemeji. Umetuletea muziki?"

Niliunga simu na spika. Nikabonyeza.

Nilingoja majembe. Hayakuja. Ilikuja sauti ya Hafsa, safi, kama amesimama nasi pale uani.

"Kaka, shikamoo. Njoo unichukue. Mustafa kanipiga tena, safari hii kwa mchi. Ubavuni panachoma, siwezi kuvuta pumzi. Usipige simu, atajua. Njoo tu, kaka. Njoo leo."

Sekunde arobaini na moja. Ikakatika.

Waliokuwa wanapiga ufuta waliweka fimbo chini. Na mimi nilikuwa nimepigwa vibaya kuliko wote. Maana Jumanne ile, duka likiwa na kelele, niliusikiliza ujumbe mara moja, nikaona mvumo, nikamwandikia: *Nitakupigia kesho.* Sikupiga.

Nikageuka kumtafuta Mustafa. Alikuwa amepiga magoti. Mikono imeziba masikio.

"Waambieni waache," alisema.

"Nani, Mustafa?" Mzee Semboja aliuliza taratibu.

"Wanaolima! Hamuwasikii? Hao hapo! Waambieni waache!"

Watu walitazamana. Hapakuwa na anayelima. Ardhi ilikuwa kavu kama tofali. Majembe yale tuliyasikia mimi na Munira tu, na hatukumwambia mtu yeyote.

Polisi walimchukua jioni ileile. Baada ya wiki tatu kibali cha mahakama kilitoka, kaburi likafukuliwa. Nilisimama pale tangu jembe la kwanza, kwa moyo wangu wote nikitaka liwe tupu.

Halikuwa tupu. Alikuwemo. Mbavu tatu zimevunjika.

Kwa hiyo hakuwa msukule. Basi yule aliyekuwa anahema ni nani? Nimeurudia ujumbe ule mara mia. Ni maneno yaleyale ya uani, hayazidi, hayapungui. Labda ni kama alivyosema Mama Serafina. Lakini mbona Munira naye alisikia?

Mwezi uliopita alikuja dukani kijana anaitwa Enock, ametoka mahabusu, alilala chumba kimoja na Mustafa.

"Yule shemeji yako ana mambo, fundi," alisema. "Kutwa nzima kakaa tu. Lakini kila asubuhi akiamka, viganja vyote malengelenge. Yamepasuka. Na kucha zimejaa udongo... chumba kile ni saruji tupu."

Jioni nilimweleza Munira. Aliacha kukuna nazi. Alikaa muda mrefu akikitazama kiganja chake, pale panga lilipomkata.

"Na kama ni Hafsa mwenyewe anayemlimisha?" aliuliza kwa kunong'ona. "Itabidi tumsomee dua, Zaidi. Apumzike. Amwachie."

"Hapana," nilisema. "Alime."

Munira alinyanyua uso, akanitazama kama mtu asiyenijua. Halafu akavuta mbuzi yake ya nazi, akasogea mbali nami.