Kiatu cha Kushoto na Mafuta ya Kondoo

Kila jioni baada ya shule, Kunduz alikuwa na kazi zake: kuingiza ndama bandani, kujaza kuni kwenye jiko la chuma, kisha kumsaidia bibi yake jikoni. Wazazi wake walikuwa wameshapanda na mifugo kwenye malisho ya mlimani, na yeye alibaki na Bibi Sonun mpaka shule ifungwe. Jioni hiyo mvua ilikuwa imeshika. Kunduz alikuwa akikata donge la unga vipande vidogovidogo vya boorsok, maandazi madogo ya kwao, na bibi akivitumbukiza katika mafuta ya moto, mbwa alipoanza kubweka kwa namna ambayo hakubwekea majirani.

Mlangoni alisimama mwanamke kijana aliyelowa chapachapa, begani amening'iniza kisanduku cha buluu.

"Samahani, mdogo wangu," alisema. "Gari limekwama kule darajani. Nimeona moshi wenu nikaufuata."

"Mwingize ndani," Bibi Sonun alisema bila kugeuka. "Maswali hayaliwi. Chai kwanza."

Mgeni akavua viatu akaketi karibu na jiko. Kunduz, kama ilivyo kazi ya mdogo wa nyumba, aliinama kuvigeuza viatu vyake vielekee mlangoni, ili mgeni atakapoondoka avivae bila kuhangaika. Alipoviinua akasikia maji yakicheza ndani. Akashangaa. Vilikuwa viatu vizuri vya kutembelea milimani, bado vipya, na kwenye ulimi wa kila kimoja palichorwa tone la maji lililokatwa mstari.

"Si vimeandikwa kwamba haviingizi maji?" aliuliza.

"Vimeandikwa," mgeni akacheka. "Labda maji hayajui kusoma."

Alipokwisha kunywa bakuli la pili la chai, walijua habari zake. Aliitwa Cholpon, muuguzi. Kisanduku kilikuwa na chanjo za watoto waliokuwa malishoni na wazazi wao. Viatu alivinunua mwanzo wa machipuko katika duka la Mzee Ularbek, mjini Kochkor, na dhamana yake ilikuwa ya mwaka mzima.

"Virudishe basi," bibi alisema.

"Ningevirudisha, mama. Lakini chanjo hizi haziwezi kungoja, barafu ya kisandukuni inayeyuka. Kesho alfajiri napanda. Na Jumapili ijayo navuka kwenda bonde la pili, ambako njia yote ni tope na vijito. Nikienda huko na miguu imelowa, nitarudi mgonjwa mimi niliyekwenda kutibu."

"Mimi nasoma Kochkor," Kunduz alisema. "Nitavipeleka dukani. Akikupa vipya, nitakuletea mwenyewe, siku hiyohiyo vitakapofika."

"Usiahidi haraka hivyo," Cholpon alimwambia kwa upole.

"Naahidi."

Asubuhi Cholpon aliondoka amevaa soksi za sufu na kalosh za bibi, viatu vile vya mpira ambavyo wazee huvaa juu ya buti laini. Aliwaachia viatu vyake na kadi ya dhamana.

Kunduz alivitazama vile viatu. Moyo wake ulijaa hamu ya kutenda jambo jema, na si jema dogo. Alikumbuka jinsi bibi alivyokuwa akizipaka buti za marehemu babu mafuta ya mkia wa kondoo, na babu akavuka mito miguu mikavu. Basi akachukua bakuli la mafuta, akakaa kizingitini, akaanza na kiatu cha kushoto. Alikisugua mpaka kikang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Alikuwa anaunyoosha mkono kuchukua cha kulia, bakuli likaondoka mbele yake.

"Haya mafuta ni ya nini?" bibi aliuliza.

"Ya kupaka viatu, bibi. Kama vya babu."

"Haya ni ya kukaangia. Unataka kuwalisha wageni viatu? Nenda shule."

Njiani alimsimulia yote rafiki yake Begimai. Begimai, ambaye kaka yake aliuza viatu sokoni, akasimama katikati ya barabara.

"Umekipaka mafuta? Kunduz, umemmaliza yule dada. Viatu vya namna hii vina utando ndani wa kuzuia maji. Kaka yangu anasema ukivipaka mafuta, dhamana imekwisha."

"Lakini vilikuwa vinavuja kabla sijavipaka."

"Nani atakuamini? Kifute. Mzee Ularbek asipouliza, wewe nyamaza."

"Na akiuliza?"

"Akiuliza sema hapana. Uliahidi kumsaidia Dada Cholpon, au uliahidi kumharibia? Ukisema kweli, anayeumia si wewe. Ni yeye."

Kunduz aliukumbatia mfuko wa viatu, akaongeza mwendo. Siku nzima darasani maneno hayo yalimzunguka kichwani kama nzi. Nyumbani alifundishwa kwamba kusema kweli ni vizuri, na kwamba kumsaidia mgeni ni vizuri. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini mambo hayo mawili yakigombana. Na mafuta je? Yaliyofaa buti za babu yangewezaje kuharibu viatu vya Cholpon? Mwalimu alimwuliza swali la hesabu, yeye akajibu, "Cha kushoto." Darasa zima likacheka.

Mchana aliingia dukani na mfuko wake. Mzee Ularbek alikuwa na mafua makali, leso mkononi, na paka wa kijivu amelala juu ya meza. Alisoma kadi, akaingiza mkono ndani ya kiatu kimoja, kisha kingine.

"Cholpon muuguzi. Namkumbuka," alisema kwa sauti ya puani. "Sasa, binti, kampuni ina maswali yake, na mimi lazima niyaulize. Viatu hivi vimekaushwa motoni?"

"Hapana, mzee."

"Vimepakwa mafuta yoyote?"

Kunduz aliitazama sakafu. Neno "hapana" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, jepesi kabisa. Mbele ya macho yake alimwona Cholpon akishuka mlimani miguu imelowa, akikohoa. Kisha akamwona mzee huyu akiipigia simu kampuni na kulirudia neno lake kama neno la kweli, bila kujua. Akachanganyikiwa zaidi. Mwishowe alisema lile tu alilokuwa na uhakika nalo.

"Kimoja kimepakwa, mzee. Cha kushoto. Nilikipaka mimi, kwa mafuta ya mkia wa kondoo, jana asubuhi... hapana, leo asubuhi. Dada Cholpon hajui lolote. Na vilikuwa vinavuja kabla. Tafadhali usimkasirikie yeye."

Mzee Ularbek alipenga kamasi, akamwangalia paka, ambaye sasa alikuwa ameamka na kukilamba kiatu.

"Ndiyo maana huyu leo ananipenda sana," alisema. "Kwa nini cha kushoto tu?"

"Bibi aliniondolea bakuli."

"Mshukuru bibi yako. Leta karai lile."

Alijaza magazeti makavu ndani ya kila kiatu, akavisimamisha viatu vyote viwili ndani ya maji yasiyofika kwenye midomo yake, akamimina chai. Walikunywa polepole, na kila kitambo Kunduz alichungulia karai kama anayechungulia kisima. Hatimaye mzee alitoa magazeti. Yale ya kiatu cha kushoto yalikuwa yamelowa upande wa ndani, pale soli inapokutana na ngozi. Yale ya kulia yalikuwa yamelowa mahali palepale.

"Umeona? Gundi haikushika, viatu vyote viwili. Mafuta yako hayakuziba tundu wala hayakutoboa. Kosa limetoka kiwandani." Alipenga tena. "Lakini ungeniambia hakuna mafuta, ningeyanusa mwenyewe mafua yakipoa, nami nisingeamini neno lako jingine lolote. Na kama ungevipaka vyote, tusingekuwa na kiatu cha kutolea ushahidi. Sasa nawapigia simu. Nitawaambia yote, na la mafuta pia. Wewe umeniambia kweli, sitaigeuza."

Kampuni ilikubali. Viatu vipya vingefika kwa gari kutoka mji mkuu, Bishkek, siku ya Jumamosi asubuhi.

Kunduz alitoka akiwa anaruka, na alikuwa ameshafika barabarani alipokumbuka. Jumamosi ndiyo siku ambayo darasa lake lingekwenda ziwani Issyk-Kul kusherehekea mwisho wa mwaka wa masomo. Tangu theluji ya kwanza alikuwa akiingoja siku hiyo. Alikuwa hajawahi kuingiza mguu katika maji ya ziwa lile.

"Viatu havitaoza," Begimai alisema. "Vipeleke Jumapili."

"Jumapili asubuhi anavuka kwenda bonde la pili."

"Mtume mtu mwingine."

"Nilisema nitavipeleka mwenyewe."

"Wewe na mdomo wako," Begimai alisema, lakini hakucheka.

Jumamosi Kunduz alivichukua viatu dukani, akavifunga kwenye tandiko la farasi jike wa babu, akaanza kupanda. Pale juu kwenye kilele cha kwanza aligeuka nyuma. Chini kabisa, kwenye barabara ya ziwani, basi lilikuwa likienda, dogo kama mbegu ya tikiti. Alilitazama mpaka likapotea. Macho yalimwasha. Alijiuliza kama mtu anayetenda jema hupaswa kuhuzunika hivi, kisha akampiga farasi visigino.

Kunduz alimkuta Cholpon malishoni, nje ya hema la sufu la wazazi wake mwenyewe, akimbembeleza mtoto aliyetoka kuchomwa sindano. Kunduz alimsimulia kila kitu, na la mafuta, na karai, na paka. Alisita kidogo kabla ya kulitaja basi.

Cholpon akamshika mkono.

"Umeumia?"

"Ndiyo, dada. Na sielewi. Nilidhani ukifanya vizuri unafurahi."

"Wakati mwingine unafurahi baadaye sana," Cholpon alisema. "Sikiliza, Kunduz. Nia njema peke yake haitoshi. Nia njema ndiyo iliyokipaka kiatu mafuta. Usipojua, uliza kwanza. Ukikosea, sema mapema, hata kama ukweli unaonekana utamwumiza unayempenda. Na neno ulilompa mtu ni kama kiatu: thamani yake huonekana siku ya mvua, siku ya jua kila kiatu ni kizuri."

Alivaa viatu vipya, akafunga kamba vizuri, akaingia katika kijito kilichopita nyuma ya hema. Akasimama humo, maji yakimzunguka vifundoni, na watoto wote wa malishoni wakaja kutazama. Kunduz alisubiri ukingoni bila kupumua.

"Ndani pakavu," Cholpon alisema.

Kunduz akavua viatu vyake mwenyewe, akaingia katika maji baridi kumfuata.